Godoro la Kuangukia

Kwenye kivuko cha kutoka Kamanga kwenda mjini nilikaa na mwanangu mapajani, kati ya kijana mwenye mwanzi mrefu na mama mmoja wa Kihaya aliyekalia godoro lililokunjwa.

“Unaenda kuvua?” mama akamuuliza.

“Shikamoo, mama. Naenda kuruka. Leo mkoa unachagua warukaji wa upondo, wa kujirusha juu kwa mwanzi kama huu.”

“Marahaba. Kumbe ndio nyie mnaotutia aibu redioni! Kila mashindano sisi wa mwisho. Woga tu.”

“Siyo woga, mama, ni kukosa pa kuangukia. Zamani pamba ya ushirika ilikaa ghalani miezi, tunairukia kama wafalme. Siku hizi wanunuzi binafsi wanaibeba siku hiyohiyo. Tangu soko huria lije, naangukia mchanga.”

Akatuonyesha kiwiko. Kilitazama upande wake chenyewe. Nami nilidhani soko huria limeleta mitumba tu.

“Na huko mjini utaangukia nini?” mama akauliza.

“Wamesema kila mtu aje na chake cha kuangukia.” Akalitazama godoro. Alikuwa akilitazama tangu tung’oe nanga.

Mama akajikita vizuri zaidi. “Hili ni la binti yangu, anasomea ualimu Butimba. Wewe ukivunjika, umevunjika peke yako. Yeye asipolala, darasa zima litakosa hesabu!”

Mwanangu akaushika ule mwanzi, akacheka; nikamwachia.

Kivuko kikagusa gati, watu wakasukumana kushuka. Mama alikuwa bado amekaa.

“Mnaanza saa ngapi?”

“Saa nane, mama.”

Akalibonyeza godoro, akamkagua toka utosini hadi kandambili.

“Una kilo ngapi wewe?”