Mwalimu Phineas na Kompyuta Iliyojua Wanaume Tu

Baada ya miaka kumi na tisa katika chuo chetu cha masomo kwa njia ya posta hapa Kisauni, Mwalimu Phineas Odhiambo anastaafu tarehe 31 Julai 1998. Mimi Dhahabu, mwalimu wa Kiswahili, nimepewa kazi ya kumsifu. Walionipa wamesahau kwamba mtihani wake wa Kiswahili ulinishinda.

Alianza kwa kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwaka 1991 akatuundia mtihani wa kompyuta: ukipata, swali linalofuata ni gumu zaidi, ukikosa, unateremshwa. Akaniomba niujaribu. Mie mzaliwa wa Mjambere, niliyenyonya Kiswahili, nikateremshwa mpaka nikaulizwa wingi wa kiti. Nilirudi nyumbani nikiamini uzee umeniingia, nikanunua kamusi na miwani.

Mwanarehema wa Mishomoroni hakununua kitu. Alihitaji kufaulu ili apate mafunzo ya ualimu wa chekechea, na hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Kila akipanda, swali moja linamwangusha: ukiitwa na mkubwa wako, waitikaje? Yeye huandika "abee", kama sisi wanawake wa pwani tulivyolelewa. Kompyuta ilikubali "naam" ya wanaume peke yake, kwa kuwa Mwalimu alijifunza Kiswahili kwa makuli wa Changamwe, na huko hakuna mwanamke wa kuitika.

Sisi wenye busara tukamshauri aandike "naam" yaishe. Akakataa, akamwendea Mwalimu mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu. Wallahi, hii mashine yako yataka niote ndevu?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akawakumbuka wanawake wote walioanguka. Angeweza kuilaumu kompyuta, nasi tungemwamini, hatukujua hata inawashwaje. Badala yake aliirekebisha siku hiyohiyo, akapanda baiskeli, akabisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba radhi na kuwaita warudie. Kwangu pia alifika, maana nami niliandika "abee". Nimefanya kazi na wasomi wengi. Sijaona mwingine aliyelibeba kosa lake hadi mlangoni mwa mtu.

Mwanarehema alirudia, akafaulu.

Ahsante, Mwalimu, kwa kutufundisha na kwa kukubali kufundishwa. Mungu akupe afya na mapumziko marefu, ingawa mapumziko sina hakika nayo: mjukuu wako yumo darasani kwa Mwanarehema, na tunasikia kila jioni anakusahihisha Kiswahili.