Usiguse na Sarafu Iliyosuguliwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi mlimwita Usiguse, kwa kuwa ndilo neno la kwanza alilomwambia kila aliyeingia dukani kwake.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1948, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1964 akaanza kujifunza ufundi saa, kazi aliyoifanya chini ya dirisha lilelile mpaka vidole vilipokataa. Alimuoa mama yetu tarehe 11 Juni 1974, wakajaliwa kaka yangu na mimi, na mama akazoea kutania kwamba wa tatu ni sanduku la sarafu kongwe za fedha alizokuwa akikusanya.

Alitufundisha kwamba thamani ya sarafu kongwe ni uchache wake na hali yake, kwamba hata ikiwa adimu kama maziwa ya kuku, ikikwaruzwa uso imekwisha, na kwamba ule weusi unaoifunika si uchafu, ni ngozi yake. Kwangu yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mwaka 2012 macho ya mama yalianza kufifia, daktari akasema operesheni isicheleweshwe, na baba akakubali kuuza sarafu moja ambayo wajuzi walisema za aina yake zimebaki tano tu. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti, kabla mnunuzi hajafika, niliisugua kwa dawa ya meno na kitambaa, nikitaka ipendeze, mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Mnunuzi aliitazama kwa lenzi, akairudisha mezani taratibu, akauliza nani kafanya hivi, na baba akajibu ni yeye. Mama alikuwa mlangoni, akasikia.

Baadaye baba aliniambia, "Usiseme mpaka nife. Mimi mama yako ameshazoea kunilaumu."

Sarafu haikununuliwa, pesa ya operesheni haikupatikana, mama akapofuka mwaka 2013, na kwa miaka kumi na moja alimlaumu baba kweli, naye akamshika mkono kila alikokwenda, bila kujitetea, huku mimi nikila nao meza moja, kimya. Mchakacho wa kile kitambaa haujaniacha, nausikia nikifua, nausikia nikifuta vyombo, nimeusikia sasa hivi nikikunjua karatasi hii.

Aliugua mapafu tangu Januari 2024, akafariki tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi. Juzi nilifungua sanduku, ile sarafu imeanza kuwa nyeusi tena, lakini mikwaruzo iko palepale.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na mafundi saa wenzake waliofunga maduka leo.

Mama, uliyekaa hapo mbele, aliyeisugua ni mimi.

Baba, lala salama, nimeshasema.