Vitabu vya Theluji vya Maman Solange

Benchi letu liko mtaa wa Kabondo, mbele ya duka la Katembo. Anauza sabuni kwa jumla, kwa hiyo tunamwita Grossiste. Saa tisa Mama Victoire anapita na termosi ya kahawa. Idrissa, mtu wa Kindu, ni Proverbe, maana hamalizi kikombe bila kutupa methali, na mara nyingi inaangukia pembeni. Papa Célestin ni Greffier, kwa sababu miaka thelathini aliandika maneno ya watu kwenye tribinali, yaani mahakamani. Mwezi uliopita tulimzika mke wake, Maman Solange, na tangu hapo alikuwa anakuja, anakunywa, anarudi nyumbani. Siku hiyo alikuja na kitabu. Kwenye jalada, nyumba moja peke yake ndani ya theluji, na dirisha moja lina taa.

— Nimezikuta kumi na ine mu malle yake, ile sanduku ya nguo, chini ya vikwembe, akasema. Polar, hadithi za polisi na wauaji, za kule kwa baridi, na zingine za bibi na bwana wanaofichana mambo mu nyumba. Miaka makumi tatu na moja tuko wote. Sikujua kama anasomaka.

— Zinasema nini? Grossiste akauliza.

— Bibi anapotea. Bwana analia. Polisi anakuja, naye iko na huzuni yake mwenyewe. Ku mwisho unaona kama mu ile nyumba hakuna mutu alimujua mwenzake. Nimesoma tatu, zote njo vile.

— Na utamu yake iko wapi?

— Njo niko natafuta.

Grossiste akaweka kikombe chini.

— Ni baridi. Kule watu wanafunga mulango miezi sita. Hapa jirani anajua hata kama umetia chumvi mingi mu mboga ya pondu. Donc mutu wa hapa anasoma siri za wengine, juu yeye hana hata moja.

— Wazee walisema kikulacho kiko mu nguo yako, Proverbe akasema. Kule wanavaa nguo tano. Nguo tano, wauaji watano. Hesabu iko wazi.

— Ao alikuwa anajifunza, Grossiste akasema.

— Kujifunza nini? Proverbe akauliza.

— Kumaliza bwana polepole. Greffier, tumbo haikukuumaka?

Tukacheka. Greffier akafikiri kweli.

— Ilikuwa inaniuma. Akanipikia uji juma nzima.

Kicheko kikaisha. Proverbe hakukubali kuacha.

— Bon. Basi alikuwa anakuchunguza wewe. Mutu anaolewa na greffier, anangojea asikie kesi ya mji muzima. Ulikuwa unamuelezea?

— Nilikuwa narudi nimechoka, Greffier akasema. Nilikuwa nakula, nalala.

Baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, ikasimama. Akashuka dada mmoja, kitu mkononi kimefungwa kwa gazeti.

— Bonjour ba papa. Niko Falonne, nauzaka vitabu vya zamani karibu na posta. Natafuta nyumba ya Maman Solange. Aliniomba nimutafutie hii. Wiki sita sasa hajafika.

— Mimi njo bwana yake, Greffier akasema. Tulimuzika.

Falonne akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Mama Victoire akampa kahawa, naye akaishika tu. Grossiste akauliza kwa sauti ya chini:

— Mwanangu, wewe unaziuza. Juu ya nini alizipenda?

— Nilimuulizaka. Aliniambia: mule mutu akipotea, kuna mutu anaacha chakula ku meza, anaenda kumutafuta.

Akageukia Greffier.

— Papa, ugonjwa ilianza lini?

— Alianguka jikoni. Siku tatu mbele ya kufa.

— Hapana, papa. Mwezi wa pili alikuwa anafika kwangu akishika ukuta. Nilifikiri ku nyumba munajua. Ilianza lini?

Greffier akamtazama Grossiste, akamtazama Proverbe. Kila siku Maman Solange alipita mbele yetu akienda sokoni, na sisi tulikuwa hapa, tunamsalimu.

— Akifika kwako alikuwa anakaa wapi? Greffier akauliza.

— Ku kiti yangu. Mimi nakaa ku karton. Anasoma kwanza kurasa kumi, njo anabeba.

Greffier akasimama, akapokea kile kitabu bila kufungua gazeti.

— Twende unionyeshe ile kiti.

Wakaenda kwa miguu, Greffier nyuma kidogo. Tuliona anauliza, kisha anasimama katikati ya barabara mpaka asikie jibu lote, halafu anaendelea.