Bi Majibu Anastaafu, Simu Zake Zinabaki

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu ya watoto, ishirini na miwili kati yake akiwa muuguzi wa kitengo cha majaribio ya tiba, Bi Majibu anastaafu. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, ingawa hata mhasibu husita kidogo kabla ya kulikumbuka.

Jina la utani alipewa na madaktari, na halikuwa la sifa. Kila kikao, ajenda zikishakwisha na watu wakianza kukusanya vikombe vyao, alinyoosha mkono na kuuliza majibu ya jaribio fulani yatatoka lini, na wazazi wataambiwa na nani. Walimwona king'ang'anizi. Na kweli ni king'ang'anizi.

Alitokea wodi ya upasuaji, akaletwa kwetu kwa miezi sita tu kuziba pengo la mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mtoto yule sasa yuko chuo kikuu, na Bi Majibu bado anaziba pengo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na wazazi kabla hawajatia sahihi mtoto aingizwe kwenye jaribio. Hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaambia dawa hii bado hatuijui vizuri, tungeijua tusingehitaji kuijaribu. Kwamba wakikataa, mtoto atatibiwa vilevile kwa dawa ya kawaida. Na kwamba nani apate dawa mpya ni kura inayopigwa na kompyuta. Wapo akina baba waliomfuata koridoni kumnong'oneza awafikirie kidogo. Aliwajibu kwa sauti yake isiyojua kunong'ona kwamba kompyuta ile haina shemeji. Mwisho aliwapa ahadi moja: majibu yakitoka, watayasikia kutoka kwake, iwe heri au iwe shari.

Watoto nao aliwapa haki yao. Binti mmoja wa miaka mitano aligoma kutundikiwa dripu mpaka mwanasesere wake naye aandikishwe. Bi Majibu akamvalisha mwanasesere utepe wa mkononi, akamfungulia chati na kumpima joto kila asubuhi. Kosa lake ni kwamba chati aliitundika kitandani pamoja na ile ya kweli. Mkaguzi wa utafiti alipopita, aliisoma kwa makini, akataka maelezo kwa nini mgonjwa huyu joto lake halijapanda wala kushuka mwezi mzima. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mkaguzi alicheka baadaye, baada ya kutuandikia onyo.

Binti huyo alikuwa na saratani ya damu, iliyokwisharudi mara mbili. Alifariki jaribio likiwa bado changa. Mama yake, fundi cherehani, alichukua mwanasesere na kuondoka, na hatukumwona tena.

Miaka minne baadaye majibu yalitoka. Dawa inafanya kazi, mradi ianzwe kabla ugonjwa haujakomaa, na hilo lilijulikana kwa sababu ya wale watoto wa mwanzo. Kikao kiligawanyika. Daktari mkuu wa utafiti, mtu mwenye huruma, alihofia kutonesha vidonda vya wafiwa. Bi Majibu alisema yeye aliahidi. Simu ya mama yule haikupatikana, basi alichukua siku yake ya likizo, akaulizia kwa majirani wa zamani, akaja kumkuta kwenye kibanda chake cha kushonea, upande wa pili wa mji.

Alitusimulia mara moja tu. Mama alimsikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, kitambaa kikipita bila mshono. Kisha akasema miaka yote hiyo alilala na kuamka akijua kwamba sahihi yake ndiyo iliyomuua mwanawe. Bi Majibu alimshika mikono, akamweleza taratibu kwamba ugonjwa ndio uliomshinda mtoto, si dawa, wala si sahihi ya mama. Na kwamba watoto wanaopona leo wanaanzishiwa dawa mapema kwa sababu binti yake alitangulia kuipokea. Mama akampigia mumewe kazini, akaweka simu katikati yao, akaomba arudie yote tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo hakuna jaribio linalofungwa hapa kabla kila familia haijapewa majibu, hata ile iliyorudi nyumbani mikono mitupu. Ni utaratibu rasmi sasa. Daktari mkuu ndiye aliyeuandika.

Wiki hizi za mwisho tumemwona hana raha. Jaribio la dawa ya figo litamalizika yeye akiwa nyumbani, na kuna wazazi aliowaahidi. Ametuuliza nani atawaambia, kwenye chai, kwenye lifti, na juzi kupitia dirisha la gari lililokwishawashwa.

Tunakujibu hapa, mbele ya wote, dada yetu mpendwa. Asante kwa kutufundisha kumtazama mzazi machoni na kumwambia hatujui. Pumzika sasa, ulee wajukuu, uwe na afya na usingizi mnono. Majibu ya figo yakitoka, tutawapigia wote, mmoja baada ya mwingine, iwe heri au iwe shari. Tukimaliza tutakupigia na wewe. Kaa karibu na simu.