Mbwa Namba Arobaini na Moja Hajatangamana

"UFUATILIAJI WA AWALI WA UTANGAMANO WA MBWA ALIYEKABIDHIWA KWA MLEZI (MBWA MMOJA)." Hivyo ndivyo karatasi ilivyoanza, kwa herufi kubwa, na kijiwe chote kilikubaliana kwamba aliyekumbuka kuweka ile "mbwa mmoja" kwenye mabano alikuwa mtu makini. Karatasi ilikuwa ya Mahona, fundi baiskeli, naye alikuwa ametembea nayo mfukoni siku tatu. Sasa ilikuwa imelazwa juu ya benchi, ambalo zamani lilikuwa ubao wa nyuma wa lori la pamba, na kikombe cha kahawa kiliizuia isipeperuke. Benchi hilo liko nyuma ya stendi ya Bariadi, mbele ya jiko la mkaa la Anatoli, muuza kahawa, na hukaliwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka birika likauke. Alhamisi hiyo Mahona alikaa katikati. Kulia kwake alikuwa Shigela, dalali wa ng'ombe, anayeitwa Mnada kwa sababu hajui kusema jambo lolote kwa sauti ya kawaida. Kushoto alikuwa Yakobo, tarishi mstaafu wa ofisi ya kata, anayeitwa Muhuri kwa sababu aliubeba huo muhuri miaka ishirini na sita bila kuruhusiwa kuugonga hata siku moja.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Jumatatu, Flora, binti yake Mahona, alishuka na basi la Mwanza akiwa na katoni ya sabuni, na ndani ya katoni mlikuwa na mtoto wa mbwa. Alimtoa kwenye kituo kinachookota mbwa waliotupwa. "Baba," alisema, "tangu mama afariki, humu ndani hakuna kinachopumua ila wewe." Mahona alikataa mara mbili, kama inavyompasa mtu mzima, kisha akashika kalamu akasaini. Flora akageuza na basi la mchana. Mbwa akaingia uvunguni mwa kitanda, na huko ndiko alikokuwa mpaka leo. Maji alikuwa akinywa kidogo. Chakula hakugusa. Na leo saa nane mtathmini wa kituo angefika kuona kama mbwa ametangamana. Kama hajatangamana, angerudishwa Mwanza.

— Hebu nisome tena hapo pa pili, alisema Muhuri.

— Umeshasoma mara nne, alisema Mahona.

— Nilisoma kama raia. Sasa nasoma kama ofisi. "Mlezi atahakikisha mbwa anatambulishwa katika makazi mapya." Umemtambulisha kwa nani?

— Kwangu.

— Wewe ni nani? Mgeni akilala mtaani hapa usiku mmoja, anapelekwa kwa mwenyekiti. Wewe una kiumbe kutoka mkoa mwingine, siku ya tatu hii, hana hata barua. Ndiyo maana hatoki. Anajua yupo kinyume cha utaratibu.

— Mbwa anajua hayo?

— Mbwa wa kituo! Huyo ni namba arobaini na moja tangu hajafumbua macho vizuri. Mambo ya mafaili anayajua kukuzidi.

Mnada aliweka kikombe chini kwa kishindo.

— Muhuri, wewe umewahi kufuga nini zaidi ya bahasha? Mahona, sikiliza mtu wa mifugo. Alikuja na kamba?

— Alikuja na mkanda wa bluu shingoni. Niliona unambana, nikauvua.

— Basi umemaliza kila kitu! Mwaka juzi nilinunua mtamba pale mnadani Mwandoya. Mweupe, baka jeusi ubavuni, macho kama ya bibi harusi. Kufika nyumbani, hali kitu. Nikamwacha na kamba ileile ya aliyeniuzia. Ukimvua mnyama kamba ya kwao siku ya kwanza, moyo wake unaondoka na kamba.

— Alikula lini? aliuliza Mahona, na aliuliza upesi kuliko alivyotaka.

— Siku ya tatu! Mimi nimekaa naye humo zizini siku zote tatu, na kigoda changu, nampigia stori za mnadani. Hata hapa kahawani sikutia mguu.

— Nakumbuka, alisema Anatoli akichochea mkaa. Tulidhani umewekwa ndani.

— Siku ya tatu akanilamba mkono, akala majani. Kwa nini? Kamba!

Mahona aliingiza mkono mfukoni. Mkanda wa bluu ulikuwa humo pamoja na viraka vya pancha na ufunguo wa kufuli. Aliutoa, akautazama, akaurudisha.

— Mnazunguka tu, alisema Anatoli. Unasema naye lugha gani?

— Kisukuma. Nikiudhika, Kiswahili.

— Umeona sasa? Kile kituo kinajaa wazungu wa kujitolea, shemeji yangu aliwapelekea mkaa. Huyo mtoto amekua anasikia Kiingereza asubuhi, mchana, jioni. Wewe unamwita kwa upole wako wote, yeye anasikia mtu anagombana. Ungekuwa wewe ungetoka?

— Sasa Kiingereza nikitoe wapi mimi?

— Kwenye maboksi yako ya spea. Msomee chochote. Anachotaka ni mlio.

Muhuri alikuwa akiitazama karatasi kwa jicho moja.

— Jamani, alisema taratibu. Hapa imeandikwa mtathmini atafika. Haikuandikwa atatoka wapi.

— Anatoka Mwanza, alisema Mahona. Alipiga simu. Anaitwa Bi Justina.

— Huyo ni wa kuchukua ripoti. Nimewahi kuona ukaguzi wa namna hii. Mkaguzi alikaa mtaani wiki nzima anajifanya mnunuzi wa choroko, tukamuuzia na kumpunja kabisa. Mahona, ndugu yangu, mtathmini wako yuko uvunguni tangu Jumatatu.

Mahona, bila kupenda, alijikuta anapitia yote aliyoyafanya mbele ya kile kitanda tangu Jumatatu. Jumanne alikuwa amekula ugali kwa kutumia sufuria badala ya sahani. Jana alikuwa amezungumza peke yake.

— Jina umempa? aliuliza Mnada.

— Hapana.

— Siku tatu mbwa hana jina?

— Nimpe jina, halafu saa tisa apande basi?

Hapo wakamwacha. Anatoli alimjazia kikombe bila kuombwa.

Wakati huo mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anakuja kutoka upande wa soko, akisukuma baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa na tairi la nyuma lililolala. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya umeme, akawaamkia kwa Kisukuma.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu, waliitikia.

— Naitwa Milembe. Nimefika kwa fundi nikakuta kumefungwa. Wakaniambia siku hizi anashinda kahawani.

— Fundi ni mimi, mayu. Kuna shauri kidogo.

Mwanamke hakuuliza ni shauri gani, lakini aliambiwa. Aliambiwa na watu watatu kwa pamoja. Muhuri alianza na mabano, Mnada alianza na mtamba wa Mwandoya, Anatoli alianza na wazungu. Milembe alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa juu ya dumu.

— Nimeelewa, alisema. Na sasa hivi yuko na nani?

Muhuri alimtazama Mnada. Mnada alimtazama Anatoli. Anatoli akafunua mfuniko wa birika kama aliyepoteza kitu humo.

— Nimefunga kufuli, alisema Mahona hatimaye. Asiibiwe.

— Tangu saa ngapi?

— Saa kumi na mbili na nusu.

— Na jana?

Jana alitoka saa hiyohiyo, akapita kahawani kuuliza afanye nini na mbwa, akaenda kibandani kwake, akafunga kazi jioni, akapita tena kahawani kuuliza. Juzi vilevile. Hayo hayakuhitaji kusemwa, maana wote walikuwepo, na wote walikuwa wamejibu.

Muhuri, ili mikono yake iwe na kazi, aliinua kikombe na kugeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na maandishi. Alisoma mstari wa kwanza kimyakimya, kisha akaigeuza tena haraka na kuirudishia kikombe.

— Panasemaje? aliuliza Mahona.

— Panauliza hivyohivyo anavyouliza huyu mama: mbwa yuko na nani.

Mnada alikuwa ameinamia kandambili zake. Alipozungumza, kwa mara ya kwanza mtu wa stendi asingeweza kumsikia.

— Siku tatu nilikaa naye, alisema. Zizini. Na kigoda.

— Tumesikia, Shigela, alisema Mahona, akasimama.

— Na pancha yangu? aliuliza Milembe.

— Naziba mimi, alisema Mnada, ambaye hajawahi kuziba hata mfuko.

Mahona alimkabidhi viraka. Anatoli naye aliinuka, akachukua kigoda alichokuwa amekalia na kumpa Mahona, kisha akauza kahawa iliyobaki akiwa wima.

Pancha ilizibwa mara tatu, na mwishowe Milembe aliiziba mwenyewe. Ya nyumbani yalijulikana kesho yake. Mahona alifungua kufuli, akaweka kigoda karibu na kitanda, akakaa. Hakuzungumza Kiingereza. Alizungumza kidogo, kwa Kisukuma, kuhusu baiskeli ya maziwa. Saa sita kasorobo mtoto wa mbwa alitoka, akala dagaa saba, akalala juu ya mguu wa Mahona. Mahona hakuusogeza mpaka Bi Justina alipopiga hodi saa nane na robo. Bi Justina aliweka alama ya vema, akaomba jina la kuandika. Mahona alitazama huku na huku chumbani. Mbwa akaandikwa Kigoda.