Tezo Hakuna Bahari

KADII: Haloo? Nimekukatia ile simu ya kwanza kwa sababu umenichosha, si kwamba salio limeisha.

VIVIAN: Mama, nimepiga nikusiki—

KADII: Basi sikiliza. Filamu yako uliyonitumia nimeitazama. Nusu nzima mtu ameketi kitandani anakodolea ukuta. Hiyo ndiyo kazi niliyokusomeshea?

VIVIAN: Anajaribu kukumbuka, mama.

KADII: Aliyesahau kitu huchukua beseni akafue. Atakumbuka mikono ikiwa kazini.

VIVIAN: [anacheka kidogo] Shikamoo kwanza.

KADII: Usiniamkie sasa. Jumamosi ikionyeshwa, baba yako atakaa mbele kwenye ukumbi huko Malindi, amewaalika na wazee wa kanisa. Yule msichana anayebeba mtoto mgongoni, mtoe.

VIVIAN: Huyo alinibeba mimi. Nakumbuka leso yake imelowa—

KADII: Ulikuwa na malaria.

VIVIAN: Malaria gani isiyopona mpaka leo? Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Mimi, kabla ya hili Vivian la kanisani, mliniita Sidi, jina la mama yako wewe. Jina la bibi Kahaso alipewa nani?

KADII: Haloo? Haloo?

VIVIAN: Haloo?

KADII: Mtandao unakwaruza.

VIVIAN: Mimi nakusikia vizuri.

KADII: Baba yako hakuwa akipatana na mamake.

VIVIAN: Baba? Anamtaja hata akiombea chakula.

KADII: Kubishana unajua, ungesomea uwakili. Maana huko kuigiza ni ovyo. Nani hufunga mtoto hivyo, fundo liko begani kama mkoba? Halafu eti msichana kachukuliwa na mawimbi. Bahari imeingiaje hapa kwetu Tezo?

VIVIAN: Nakumbuka maji tu. Sikujua ni maji gani.

KADII: Wenye akili huuliza. Yalikuwa ya mvua, yamejaa kwenye timbo, pale baba yako alipokuwa akikata mawe ya kuuza. Mawimbi ya nini? Yalikuwa yametulia, hata ndoo yake ilikuwa inaele—

VIVIAN: Ndoo ya nani, mama?

KADII: Umenichokoza makusudi.

VIVIAN: Ya Kahaso?

KADII: Alikufungua kwanza. Alikulaza mbali na ukingo, ndipo akashuka kuchota. Hilo nalo hukulitia kwenye hiyo sinema yako.

VIVIAN: [sauti ya chini] Mbona mlinificha?

KADII: Nilimwambia baba yako alizungushie timbo miiba. Akasema mawe yakiisha. Tukamzika mtoto, ndipo bwana akapata nguvu za kulifukia. Akapanda minazi juu, akaamuru jina lile lisitajwe uani kwake. Na mimi, bure kabisa, nikatii.

VIVIAN: Basi kile kipande nikitoe?

KADII: Kitoke kiende wapi? Kitengeneze. Na fundo lije kifuani.

VIVIAN: Na baba je? Ayaone haya mbele ya watu Jumamo—

KADII: Hatangoja Jumamosi. Yuko hapo barazani anamenya chungwa, anajifanya hasikii. Baba Kahaso. Wee, Baba Kahaso, njoo ushike simu.

VIVIAN: Mama, ngoja, salio langu—

KADII: Litatosha. Ndiyo, nimekuita hivyo. Shika, mwanao anakuuliza.

[simu inakwaruza]

NGOWA: Haloo... ni nani?

VIVIAN: Ni mimi, baba. Yule wa pili.