Gudlaug Hestnes na Turubai la Oktoba

Gudlaug Hestnes, mtunza uwanja wa klabu yetu ya Storvåg, anastaafu tarehe 31 Desemba baada ya miaka arobaini na moja na miezi minane kazini. Alianza tarehe 2 Mei 1984. Ofisi imemwandikia mistari minne kwenye taarifa ya msimu. Minne! Basi jipya la timu limeandikiwa sita, tena na picha. Nilipoona hivyo nikaingia ofisini na koti langu la theluji nikawaambia: ukurasa wa kumuaga Gudlaug kwenye kijitabu cha sherehe nauandika mimi, Arnfinn Kolås, mlinzi wa lango la kaskazini, lile la kuingilia watazamaji, tangu 1971. Shule niliishia darasa la saba, lakini ninayoyajua kuhusu uwanja ule hayamo kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Tena naandika kwa sababu moja, niiseme mapema. Mji mzima unasema Gudlaug ndiye aliyeua nyasi mwezi wa Oktoba na nusura atushushe daraja. Si yeye. Aliyeziua namjua, na ukisoma ukurasa huu hadi chini utamjua na wewe. Sitaki mama huyu aende nyumbani na jina chafu.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na sita, binti wa mfugaji wa kondoo kutoka kisiwa cha ng'ambo. Uwanja wenyewe wakati ule ulikuwa tope mbele ya magoli na mawe kwenye kona. Wazee wa klabu walicheka walipomwona na toroli lake. Mimi sikucheka, na anayesema nilicheka ni mwongo. Miaka mitatu baadaye timu za ligi kuu zilizokuja kucheza hapa zilikuwa zinainama na kugusa nyasi kwa mkono kama watu wanaonunua kitambaa.

Kipimo chake ni sindano ya kufumia sweta. Ya chuma, ya marehemu mama yake. Asubuhi ya mechi huvua viatu, hutembea na soksi za sufu, na kila hatua kumi huichoma ardhini. Ikizama yote, mechi ipo. Ikigota njiani, chini kuna barafu, na yeye anajua hapo pa kuweka majani makavu na hapo pa kupuliza hewa ya moto. Wamekuja wataalamu na vipimo vyao vyenye taa za kijani na nyekundu. Sijawahi kuona sindano ile ikisema uongo.

Mwaka 1998 kocha mmoja wa timu kubwa alitaka kufanya mazoezi uwanjani kwetu siku moja kabla ya mechi, mvua inanyesha ya kuzamisha bata. Gudlaug akamwambia hapana. Kocha akawaingiza wachezaji kwa nguvu. Basi Gudlaug akachukua kiti cha kukunja, akakaa katikati ya goli, akatoa uzi, akaanza kufuma soksi.

"Mama, ondoka hapo, mpira utakupiga," kocha akasema.

"Nimeshapigwa na kondoo dume mwenye pembe. Mpira wako utanifanya nini?"

Alifuma soksi ya kushoto yote. Wakaondoka. Nilikuwa langoni, niliwafungulia mwenyewe, na nilicheka vizuri sana.

Harusi yake na Birger ilifanyika siku ya Jumanne, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na mechi nyumbani. Birger, apumzike pema, alikuwa mtu mvumilivu.

Sasa msimu huu. Hapa ndipo damu yangu inapochemka, na daktari anisamehe.

Mkurugenzi wetu, Preben Thrane, alikuja miaka miwili iliyopita. Zamani aliuza majiko. Tangu siku ya kwanza wimbo wake ni mmoja: nyasi bandia. Mwezi wa Agosti bodi ikapiga kura, kapeti litatandikwa wakati wa masika. Sawa, kura ni kura. Lakini mkutanoni alisimama akasema tunafungwa kwa sababu ya nyasi za Gudlaug, zinatupunguzia kasi.

"Nyasi ni mambo ya enzi za babu zetu, jamani," akasema.

Gudlaug alikuwa nyuma ya meza ya kahawa, anakata keki za vafli. Hakuinua hata kichwa. "Babu yako alicheza beki wa kushoto hapa, Preben. Hakuwahi kushuka daraja."

Ukumbi ulicheka hadi kahawa ikamwagika. Na tuangalie hesabu yenyewe. Hadi mwisho wa Septemba tulikuwa na alama ishirini na moja. Kumi na nane tulizipata nyumbani, kwenye nyasi hizo hizo. Tatu tulizipata ugenini, na viwanja vingi vya ugenini ni kapeti. Mtu aliyeuza majiko anashindwaje hesabu ya namna hii?

Katikati ya Oktoba dada yake Gudlaug alifariki kisiwani. Akaomba siku nne za kwenda kumzika. Kabla ya kupanda feri alichukua chaki akaandika kwenye ubao wa stoo, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma bila miwani: USIFUNIKE. KUNA JOTO. Kila mtu anayejua nyasi anajua kwamba turubai ni la kuzuia baridi. Ukifunika uwanja wakati wa joto na unyevu, chini ya turubai kunakuwa kama ndani ya kiatu cha mpira.

Siku ya pili Preben alishuka kutoka ofisini, simu mkononi. Simu ilimwambia barafu inakuja. Akaamuru uwanja ufunikwe. Akaonyeshwa ubao. "Gudlaug yuko msibani," akasema. "Mimi ndiye mkurugenzi na mimi ndiye nipo." Turubai likatandikwa, likafungwa kamba pande zote nne, likakaa siku tatu. Barafu haikuja. Ilikuja mvua ya vuguvugu.

Gudlaug aliporudi na kulifunua, nyasi zilikuwa za njano na ukungu mweupe umezilalia kuanzia katikati hadi goli la kaskazini. Mkaguzi wa ligi akaja, akatazama, akafanya kazi yake: mechi yetu ikahamishiwa Grimsund, kwenye kapeti la majirani zetu. Tukafungwa nne bila. Na mkaguzi akaacha neno: uwanja usipopona, mechi ya mwisho ya msimu nayo itahamishwa.

Preben akaliambia gazeti kwamba klabu imekuwa na "changamoto upande wa utunzaji". Upande wa utunzaji ni nani? Ni mtu mmoja tu! Gudlaug alilisoma gazeti lile stoo, akalikunja, akalijaza ndani ya mabuti yake yaliyolowa ili yakauke.

Mjini wakapata la kusema. Kwenye duka la mikate seremala mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu mke wake ni mtu mzuri, alimpigia kelele mbele ya foleni nzima: "Gudlaug! Nasikia uyoga umeota vizuri uwanjani. Tuje na vikapu?"

"Njoo na jembe," Gudlaug akajibu. "Jumamosi saa tatu."

Akaja, yule yule seremala. Na wengine mia na arobaini wakaja, maana kwetu ukiitwa kwenye kazi ya wote na usiende, utaulizwa hadi kaburini. Walibeba majembe, reki, toroli, na kahawa kwenye chupa. Gudlaug alisimama katikati na sindano yake akigawa kazi kama jenerali. Tulikata nyasi zilizooza, tukaenda kuchukua vipande vizima kutoka uwanja wa mazoezi, tukavipanga kimoja kimoja kama vigae. Nahodha wetu, Odd-Eirik, alisukuma toroli hadi mikono ikatoka malengelenge. Mimi peke yangu nilibeba vipande mia mbili na kumi na sita, na nina miaka sabini na tisa. Preben alikuja kupigwa picha.

Wiki tano tuliishi hivyo. Kila asubuhi Gudlaug alikuwa amepiga magoti pale.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili tarehe 30 Novemba, na adui alikuwa Grimsund wenyewe. Tukishinda tunabaki ligi kuu. Sare tunashuka. Asubuhi baridi ilikuwa nyuzi saba chini ya sifuri. Mkaguzi alifika saa tatu na kipimo chake, kikawaka taa nyekundu karibu na goli la kaskazini. Akaanza kutikisa kichwa.

Gudlaug akavua mabuti. "Choma hapa," akamwambia, akampa sindano.

"Mama, mimi nina kifaa cha—"

"Kifaa chako kinapima hewa iliyo juu ya udongo. Choma."

Akachoma. Ikazama yote. Akachoma mara ya pili, ya tatu, akafika saba, kila mara ikazama kama kwenye siagi. Akakizima kifaa chake akasema, "Mechi ipo." Nililia. Upepo ulikuwa mkali, lakini nililia.

Goli lilikuja dakika ya themanini na moja. Odd-Eirik alipiga mpira wa chini, si mkali, mtoto angeudaka. Ila kipa wa Grimsund amezoea kapeti, ambako mpira haupungui mwendo. Aliruka mapema. Mpira ukapunguza mwendo kwenye nyasi za Gudlaug, ukamsubiri alale, ukapita chini ya mbavu zake taratibu. Moja bila. Tukabaki. Hizo ndizo nyasi zinazotupunguzia kasi!

Na kesho yake taarifa ya msimu ikasema timu imebaki ligi kuu "licha ya hali ya uwanja". Licha! Nimekuwa langoni miaka hamsini na nne, nimetukanwa na mashabiki wa kila timu katika nchi hii, sijawahi kusikia tusi kama hilo.

Basi nimalizie nililoahidi. Aliyeamuru turubai ni Preben, hilo mmeshalisoma. Lakini turubai lile lina uzito wa ng'ombe wawili, na Preben hajui kufunga hata kamba za viatu vyake. Lilitandikwa na kufungwa na Arnfinn Kolås. Mimi. Niliusoma ubao, nilijua Gudlaug yuko sahihi, nikabisha mara moja tu, halafu nikatii. Mkurugenzi aliniambia, "Mzee, au kazi ya lango imekuchosha?" Mimi, ambaye kila siku nawaambia watu kwamba siogopi mtu, niliogopa.

Gudlaug alijua tangu saa ile ile. Nilifanya kazi ujanani kwenye mashua ya mjomba wangu ya kuvua chewa, na huko nilipoteza kidole cha kati cha mkono wa kulia. Tangu hapo fundo langu nalizungushia kushoto. Hakuna mtu mwingine Storvåg anayefunga hivyo. Yeye alirudi kutoka kumzika dada yake, akayafungua mafundo ishirini na manne ya kushoto kwa mikono yake, moja baada ya jingine, mimi namtazama kutoka langoni. Akazikunja kamba, akaja kuzitundika kwenye msumari wangu.

"Kamba zako zimekauka, Arnfinn," akasema. Basi. Mkaguzi alipomuuliza, hakunitaja. Gazeti lilipompigia simu, hakunitaja. Hata seremala wa uyoga hakumjibu kwa jina langu.

Baada ya mechi ya Grimsund, watu wakiimba, nilimuuliza kwa nini.

"Ningekutaja wangekutoa langoni, waweke mashine ya tiketi. Mashine haiwaambii watu wafute viatu."

Halafu akaniangalia. "Na wewe, kwa nini hukujitaja?"

Jibu langu ni ukurasa huu, na nimeuandika mara nne ili usiwe na makosa. Preben akitaka kuniondoa, anajua nilipo. Niko lango la kaskazini.

Sherehe ni Jumamosi tarehe 13 Desemba, saa nane mchana, ukumbi wa klabu. Nitausoma ukurasa huu kwa sauti, kwa ajili ya wale ambao huwa wanafungua kijitabu kutafuta bahati nasibu tu. Nasikia zawadi ya ofisi ni kipande cha lile kapeti jipya kwenye fremu ya kioo. Hapo nikiendelea nitavunja kitu.

Mimi nimemwandalia zawadi yangu. Ni kipande cha nyasi, nusu mita kwa nusu mita, kutoka mbele ya goli la kaskazini, pale pale ulipopita mpira wa Odd-Eirik. Kimekaa kwenye sanduku la samaki barazani kwangu, sikukifunika. Nilikikata mwenyewe, na safari hii sikungoja amri ya mkurugenzi.

Gudlaug, asante. Samahani pia, na hilo neno nalitoa kwa shida kama unavyonijua. Nenda kapumzishe magoti yako, ufume soksi zote mbili bila kocha wa kukusumbua, na kila majira ya baridi yatakayokujia, barafu isifike kamwe ilipo ncha ya sindano yako.